Kigari cha Mwisho Barabarani

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa haya nyingi, nikiomba unisaidie kabla sijauzoea uongo wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Tezo, na kwa miaka ishirini na miwili nimetunza daftari la vigari vya viti viwili na magurudumu matatu vilivyoletwa Malindi zamani na wageni, ambavyo watu waliviita chiriku kwa kelele zake, nikihesabu vilivyosalia barabarani kwa kanuni moja: sihesabu ila nilichokiona kwa macho yangu kikienda kwa injini yake. Vilikuwa kumi na vinne. Mwaka jana vilibaki viwili, changu na cha Mama Nyevu wa Gongoni, alichoachiwa na marehemu mumewe, Ziro. Giaboksi yangu ilipovunjika, nilikichukua chake kwa kisingizio cha matengenezo, nikaing'oa yake, nikaitia changu, kisha nikamrudishia kigari kikivutwa kwa kamba, nikamwambia vipuri havipatikani tena, nikaandika daftarini: "Kimebaki kimoja."

Mwezi uliopita picha yangu ilitoka gazetini, naye akasafiri hadi kwangu kunipongeza.

"Hongera, mwalimu. Angalau chako kimepona. Hebu kiwashe nisikie."

Nikakiwasha, nikakizungusha uani.

"Weh! Hata gia zinalia kama za Ziro!" Akacheka, kisha akafuta macho kwa leso yake.

Nilinyamaza. Nikimrudishia, changu kitakufa na hesabu itabaki moja vilevile. Je, kuna haja gani ya kumuumiza kwa ukweli usiobadilisha idadi?

*Mwenye Haya, Tezo*

Mwalimu, haya yako ni ya kweli, na ndiyo sehemu pekee ya barua hii ninayoiheshimu. Hesabu yako ni sahihi. Ulichokificha nyuma yake ni wizi. Wala usijisingizie huruma: humwepushi Nyevu na maumivu, unajiepusha na uso wake.

Jumamosi hii tafuta fundi, uende naye Gongoni na giaboksi hiyo. Mwambie mama ulilolitenda kabla fundi hajashika spana. Akikutukana, nyamaza, kwa kuwa kunyamaza umeshajifunza. Kazi ikiisha, yeye ndiye akiwashe. Kanuni yako inakutaka uone kwa macho yako, basi simama uone.

Kisha fungua daftari. Kimebaki kimoja, kama ulivyosema. Andika jina la Nyevu.