Sauti ya Mama Ciku

Jumatatu, 3 Machi
Nimekatia kuku sukuma wiki. Nimeweka chai. Mama Ciku wa Kinoo ameflash, simu ikalia mara moja ikakatika, nikampigia. Ndivyo tulivyo tangu tupate simu: yeye wa kuflash, mimi wa kupiga. Salamu hazijaisha, ananiambia, kwa lile jina tunaloitana sisi wa rika moja, "Wakini, Wangari wako amenipatia kazi."

Wangari ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Ameajiriwa Kilimani, kwa ile kampuni ya kutafuta vitu kwenye intaneti. Sasa wanaleta namba ya simu: unapiga, unasema unataka fundi wa maji Uthiru, mashine inakutajia namba yake, hata kama hujui kusoma. Walitaka sauti ya mama mzee. Wakamrekodi Mama Ciku.

Nimekata simu. Chai nimeimwaga.

Jumanne, 4 Machi
Wangari amekuja na mkate. Nimemuuliza, kwa nini si mimi? Akacheka. "Cucu, wewe unafokea watu. Mtu akiuliza duka la dawa, utamuuliza kwanza amekula takataka gani."
Ni kweli. Na ni vibaya?
Nimemfungia ovakado akaenda nazo. Hasira yangu haiwezi kumlaza mtoto njaa.

Jumapili, 16 Machi
Namba imeanza kufanya kazi. Kanisani wanampa Mama Ciku mkono kama mke wa askofu. "Mama Ciku, jana umenipatia fundi wa paa!" Yeye anatabasamu tu, na kitambaa kipya kichwani. Zamani mtu wa Uthiru akitaka fundi, mkunga, ng'ombe wa maziwa, alibisha kwangu.
Mimi nimekaa nyuma na wanaume.
Nina wivu. Mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, alisema tuandike kila siku mkono usisahau. Haya, nimeandika. Wivu.

Jumatano, 19 Machi
Ameflash. Sijapiga.

Alhamisi, 20 Machi
Ameflash tena asubuhi, tena jioni. Apigiwe na kampuni yake.

Jumatatu, 31 Machi
Siku nyingi haflash. Sawa.
Leo nimeiflash ile namba ya kampuni, nione kama itanipigia. Nimekaa na simu mapajani mpaka maharagwe yakaungua. Kimya. Hata sauti yake imejifunza maringo!
Nikapiga kabisa. "Karibu. Unatafuta nani?" Mama Ciku mtupu, mpaka ule mluzi wa pengo lake. Nikamwambia yote. Kwamba tumelima pamoja. Kwamba Ciku alizaliwa mikononi mwangu. Kwamba kazi ya sauti ameichukua bila hata kuniuliza mimi naonaje.
"Samahani, sijapata. Sema tena."
Nikasema tena. Yote. Nikalia, mzee mzima, jikoni.

Jumatano, 2 Aprili
Nimekwenda Kinoo. Nimebeba uji, lakini nilienda kugombana.
Mlango ulikuwa wazi. Mama Ciku amekaa peke yake, simu imewekwa sauti kubwa, anajisikiliza. "Karibu. Unatafuta nani?" Anakata. Anapiga tena.
Aliponiona aliona haya. Akasema, "Watu hawanipigii tena, wakini. Wakisikia hiyo sauti wanaona wameshanisalimia. Hata kuja hawaji. Hata wewe."
Hilo la mwisho limenichoma.
Nikamwambia kwenye simu anasikika kama mbuzi ana mafua. Akacheka mpaka akakohoa. Uji tumeumaliza kwa kikombe kimoja, kwa sababu vingine hakuwa ameviosha. Nimemuoshea. Nimemfokea pia. Nyumba gani hii ya mtu maarufu.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua. Mama Ciku ameflash. Nimepiga.
Akajibu kwa ile sauti ya kampuni: "Karibu. Unatafuta nani?"
Nikamwambia, wewe.
Hatukuongea mengi. Ilikuwa inanyesha kwake, inanyesha kwangu. Mabati yake ni mapya, yanalia vizuri kuliko yangu. Nimeona wivu. Kidogo.