Barua ya Dada Yangu Niliyoichoma

Mama Mélissa, salamu kutoka Mutakura, mimi ni msomaji wa safu yako, nakusihi unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mwuguzi, nina miaka thelathini na mmoja. Miaka kumi na miwili iliyopita mama yetu alikuwa mgonjwa wa kitandani, na dada yangu Consolate ndiye aliyemwogesha na kumlisha ili mimi niende shule, basi siku moja ikaletwa barua kwamba Consolate amekubaliwa shule ya wauguzi, mbali na mji, mimi nikaipokea mlangoni, nikaisoma, nikaogopa kuachwa peke yangu na mama, nikaisukuma kwenye makaa chini ya sufuria ya maharagwe. Dada alingoja miezi, akasema basi ameshindwa, akalia. Mama alifariki mwaka uliofuata, na aliyekuja kuwa mwuguzi ni mimi. Yeye analima mboga za lengalenga kule Carama, kila akivuna ananiletea fungu, na mbele ya majirani ananiita kwa fahari "muganga wetu".

Niliungama kanisani, nikaambiwa damu ya Yesu imenisafisha, nikasema amina, lakini moyo haukutulia, nikaanza kufunga Jumatano na Ijumaa, kisha Jumatatu pia, hadi nikaanguka wodini mbele ya wagonjwa. Sasa Armel, fundi wa magari, anataka kunioa, nampenda kweli, nami nimemkatalia kwa sababu nimemwahidi Mungu kumtoa yeye awe sadaka ya dhambi yangu. Aliponiuliza kosa lake nikasema hana. Akaniambia, "We Benite, kama sina kosa, mbona unaniazibu mimi?" Mama, Mungu anataka nini zaidi?

Benite

Benite mwanangu,

Nimekusoma hadi mwisho. Ulikuwa msichana mwenye hofu, na umeubeba mzigo huu miaka mingi bila kumwambia mtu wa damu yako. Pole sana. Sasa vumilia nikugombeze kidogo.

Mungu hataki zaidi. Kila Jumapili unakiri kwamba Kristo alijitoa mara moja kwa ajili ya dhambi, kisha unatoka nje kutafuta cha kuongezea, kana kwamba msalaba ulipungua na njaa yako ndiyo itaujaza. Tena Yesu alijitoa mwenyewe. Wewe umemtoa Armel, bila hata kumwuliza!

Moyo wako hautulii kwa sababu umeomba msamaha kila mahali isipokuwa Carama. Kufunga kwako hakumwambii Consolate kwamba hakushindwa. Hadi leo anaamini akili yake haikutosha. Hilo ndilo ulilomnyang'anya, na hilo bado unaweza kumrudishia.

Kwa hiyo kula. Nenda kwa dada yako, usibebe zawadi. Mwambie ulichofanya, usijitetee kwa ugonjwa wa mama, wala usilie hadi awe yeye wa kukubembeleza. Msamaha wa Mungu umeshaupata. Wa dada yako ni wake, atautoa siku anayotaka yeye, au asiutoe. Ukitoka huko mtafute Armel, naye umwambie ukweli wote, kisha umwachie aamue.

Wasomaji wangu, maneno haya nilimwambia Benite kwanza kwa simu, nikangoja kuyachapa. Kwa Armel bado hajafika, lakini Carama alienda. Alimkuta dada yake shambani, akasema yote akiwa amesimama. Consolate aliweka jembe chini.

"Kwa hiyo nilikubaliwa?"

"Ndiyo, dada. Jina lako lilikuwa la pili kwenye orodha."

Consolate akaketi juu ya tuta. "Mi nilikubaliwa," akasema, kama anayejaribu maneno mapya mdomoni. Benite alipotaka kumshika mkono, akauondoa. "Apana. Leo siwezi kukuangalia. Enda kwako. Kuya dimanche, tutasema."

Benite ananiuliza kama huo ni msamaha. Sijui, mwanangu. Lakini amekuita. Jumapili nenda, na ufike mapema.