Mchuzi wa Mkamwana

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Nimewasha jiko la hoteli kabla wengine hawajafika. Mikate imetoka vizuri. Nyama ilikuwa ngumu kama soli, nimeichemsha mpaka ikasalimu amri. Wageni wamesifu. Hawajui tulivyopigana.

Memsahibu wa kamati amekuja jikoni mwenyewe. Maonyesho ya wakulima mwaka huu yatakuwa na mashindano ya wapishi vijana. Mchujo hapa Mbeya, mwisho Iringa. Atakayeshinda anapewa kazi ya upishi katika shule ya wasichana ya misheni, upande wa Iringa. Nyumba ipo. Watoto wake watasoma hapo hapo. Awe mwanamume, awe mwanamke, hawabagui.

Nimemfikiria mkamwana, mke wa mwanangu, papo hapo.

Jumatano, 4 Julai

Mke wangu amemwuliza. Eti amekubali kabla swali halijaisha.

Mwanangu Asajile alikwenda migodini kusini, na tangu hapo kimya. Hakuna barua, hakuna salamu. Mkewe yuko hapa kwetu na watoto wawili, analima mashamba ya watu. Namwonea aibu mwanangu. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Shida ni moja tu. Sisi ni Wanyakyusa. Baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akisikia nakohoa njiani, anaingia migombani. Nikimwona kwa mbali, nageuka. Tangu aolewe sijamwona uso. Chakula chake nakijua, sura yake siijui. Mchungaji anahubiri kwamba mila hiyo imepitwa na wakati. Haya. Lakini mkamwana wake yeye akipita, mchungaji huinua macho akaanza kukagua bati la kanisa.

Sasa nitamfundishaje mtu nisiyeruhusiwa kumwona?

Jumamosi, 7 Julai

Nimepata njia. Jiko letu la nyumbani ni la mianzi, sauti inapita. Nimeweka kigoda nje, mgongo ukutani. Mkamwana ndani. Mke wangu mlangoni, katikati yetu.

Somo la kwanza, mchuzi mweupe. Siagi, unga, maziwa. Bila huo huwezi kumpikia Mzungu. Nasema, "Mwambie apunguze moto." Mke wangu anageuka, "Punguza moto." Wakati huo kuni zimekwisha kuvutwa, nimezisikia. Nasema, "Mwambie siagi ikiacha kulia ndipo atie unga." Anarudia. Nasema, "Mwambie asiache kukoroga." Mwiko unasikika tayari.

Mwishowe mke wangu akachoka. "Baba Asajile, mmenifanya simu ya posta!"

Nimecheka mpaka kigoda kikapinduka. Na ndani ya jiko nikasikia mtu anacheka, kisha akajiziba mdomo haraka.

Jumapili, 15 Julai

Mkate wake wa kwanza. Jiwe. Nimeumaliza wote. Meno yananiuma.

Alhamisi, 19 Julai

Mkate wa leo umeumuka kama shavu la mtoto. Nimefurahi mno. Vijana wa hotelini huitikia "ndiyo, mzee," kisha hufanya ya kwao. Huyu haruhusiwi kuniitikia, kwa hiyo hufanya tu. Nafundisha kwa masikio na pua. Najua sufuria inachemka kiasi gani kwa kuisikia. Sikujua kwamba najua hivyo.

Nashukuru kwa ukuta ule. Nashukuru kwa mke wangu pia, ingawa ananung'unika.

Jumamosi, 28 Julai

Siku mbaya.

Leo ulikuwa mchujo. Mimi sikuwamo, nilikuwa hotelini na kazi zangu. Saa sita dereva wa memsahibu akaja. "Unaitwa haraka, mzee." Nikadhani jiko limekorofisha. Kumbe mwamuzi mmoja ameugua na mimi ndiye ninayeshika nafasi yake. Nimefika, nikapita mlango wa jikoni kama mpishi yeyote anavyopita.

Mkamwana alikuwa meza ya kwanza. Uso kwa uso.

Akajifunika aproni kichwani, akajitupa chini ya meza. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikajigonga kwenye mwimo wa mlango. Watu wakaangua kicheko. Mchuzi wake mweupe ukabaki motoni peke yake. Nilikuwa nimesimama uani, kisogo mlangoni, niliposikia harufu ya maziwa yakiungua. Ningesema nini? Ningeingia vipi? Hata mke wangu hakuwapo wa kumtuma.

Memsahibu alitoka amefura. Nilimweleza pale penye kuni. Alichukua muda kuelewa. Akauliza kama ninamchukia yule mama. Nikamwambia hapana, ninamheshimu, na yeye ananiheshimu, ndiyo maana. Kisha akasema masharti ni masharti. Mpishi akiacha moto wake, sahani ile haihesabiwi.

Mkate ndio uliomwokoa. Kapita wa mwisho katika wanaokwenda Iringa.

Na mimi? Nimeteuliwa kuwa mwamuzi huko huko Iringa. Nimekataa, memsahibu hakusikia. Meneja amefurahi, ameshanipa ruhusa. Nimeudhika sana.

Jumatatu, 30 Julai

Mkamwana hajasema neno tangu juzi. Mke wangu anasema analia akichota maji, akidhani haonekani. Watoto wamekuwa wapole ghafla, nyumba nzima wapole. Akikosa nafasi hii anarudi kwenye jembe la watu, yeye na watoto.

Jioni umekuja ujumbe wake, kupitia simu yangu ya posta. Atakwenda Iringa. Lakini anaomba masomo yakome. Anataka kubaki peke yake na jiko lake. Na mchuzi mweupe hataki kuuona tena.

Imeniuma. Bila mchuzi mweupe utashindaje? Nimekubali. Nimerudisha kigoda ndani.

Alhamisi, 9 Agosti

Iringa. Safari ya basi kutwa nzima. Mke wangu na mkamwana walikaa nyuma kabisa, mimi mbele kwa dereva. Shingo yangu haikugeuka kutoka Mbeya mpaka hapa. Imekaza kama mti. Makambako abiria wote walishuka kula. Mimi nikangoja ndani mpaka mke wangu alipogonga bati, ishara kwamba mkamwana amekwisha kula na amejitenga. Nikashuka, nikakuta chakula kimekwisha. Vumbi ndilo lililonishibisha.

Nimefikia kwa Gaspari. Mhehe huyu ni mpishi mkuu wa hoteli ya hapa, na ni mwamuzi mwenzangu. Tulianza pamoja, tukiosha masufuria katika jiko moja tukiwa vijana. Nimemweleza shida yangu. Amecheka mpaka amekohoa.

"Nyinyi Wanyakyusa! Mtu anakupikia, unamkimbia!"

Nikamjibu kwa utani wetu kuhusu Wahehe, ambao sitauandika hapa. Mkewe alitupa ugali na maharage. Mungu ambariki mama yule, nilikuwa na njaa ya mbwa mwitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Gaspari mtani, lakini akili anazo. Asubuhi alikwenda kwa memsahibu, akamwambia aazime mashuka ya hoteli na kamba, amtundikie mkamwana pazia. Memsahibu akasema mmoja akipewa pazia, wenzake watalalamika. Basi wote wapewe. Wapishi upande ule, waamuzi upande huu, sahani zipitishwe chini ya shuka na namba tu. Akaona hata ni haki zaidi. Hatutajua nani ni nani.

Hapo nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba mmoja wa wapishi ni mke wa mwanangu, na sahani yake nikiitambua sitaipa alama. Alama za wenzangu wawili zitoshe. Wamekubali.

Nitaitambua, sina shaka. Chakula chake nakila kila siku. Na mimi ndiye niliyemfundisha.

Usingizi hauji vizuri.

Jumamosi, 11 Agosti

Niandike kwa utaratibu, nisije nikasahau.

Ukumbi ulijaa. Mashuka meupe yamening'inia kama siku ya kufua. Kazi ilikuwa kuku na mchuzi wake. Nyuma ya mashuka visu, vifuniko, mtu akapiga chafya. Nilitega sikio nimtambue. Wapi. Jiko la mtu mmoja nalijua, majiko mengi pamoja ni kelele tu.

Sahani zikaanza kuja. Ya kwanza, kuku mbichi mfupani. Ya pili, chumvi ya kuhifadhia samaki. Nikatoa alama kidogo, nikanywa maji.

Ya tatu ilinisimamisha. Mchuzi mzito, wa rangi ya udongo mwepesi, una uchachu wa mbali na harufu ya kitu kilichokaangwa. Sijawahi kuula. Nikaonja tena. Nikaonja tena. Memsahibu alinitazama kwa sababu waamuzi huonja mara moja. Nikajiuliza, kijana gani huyu, na nani kamfundisha? Nikamwonea wivu mwalimu wake. Nikampa alama kubwa kuliko zote nilizotoa.

Halafu ikaja ya nne. Mchuzi mweupe. Laini, hauna donge, siagi imeacha kulia kabla unga haujaingia, nimeusikia kwa ulimi. Moyo ukaruka. Kumbe amerudia! Nikaweka kijiko chini. Nikasema, "Hii ni ya mkamwana wangu. Mimi siitolei alama." Machozi yalikuwa karibu.

Gaspari akaonja. Akanitazama. Akaanza kutikisika mabega.

"Wewe mzee wewe! Huyu ni kijana wangu wa hotelini. Mchuzi huu ulinifundisha mwenyewe tukiwa vijana, nami nimemfundisha yeye!"

Memsahibu akaita namba ijibu. Ikajibu sauti ya mwanamume. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, ningefanya nini? Nikachukua kijiko, nikampa kijana yule alama zake kwa haki. Zilikuwa nyingi. Alistahili.

Zilizobaki nilionja nikimtafuta mkamwana. Hayumo. Nikasema basi, ameshindwa, hata chakula chake sikukijua kwa ubaya wake.

Wakasoma matokeo. Kijana wa Gaspari wa pili. Wa kwanza, sahani ya tatu.

Memsahibu akataja jina. La mkamwana wangu.

Nilitoka nje upesi, ili apite kupokea mkono wa mama mkuu wa shule. Nilisimama nyuma ya ukumbi, nikalia kama mtoto. Gaspari alinikuta hapo. Safari hii hakutania. Alinishika bega tu.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani. Nimeimba kwa nguvu mpaka watu wamegeuka. Nimemshukuru Mungu kwa mkamwana, kwa mke wangu, kwa Gaspari, kwa memsahibu na masharti yake, kwa mashuka. Nimemwombea na Asajile, popote alipo. Namshukuru hata yeye. Ndiye aliyetuletea binti huyu.

Mchana nimemtuma mke wangu akaulize ule mchuzi ni nini. Amerudi na jibu. Mbegu za maboga, zikaangwe, zitwangwe. Maziwa ya mgando. Sufuria iepuliwe kwanza, ndipo maziwa yaingie kidogo kidogo, la sivyo yanakatika. Bibi yake kule Tukuyu alikuwa akipikia hivyo mboga za majani. Kwetu nyumbani hajawahi kuupika. Alidhani mimi, mpishi wa hoteli, nitaudharau.

Jumatatu, 27 Agosti

Mkamwana na watoto wamekwisha kuhamia shuleni. Mke wangu amewasindikiza, anarudi wiki hii. Nyumba imepoa.

Hotelini wageni wachache. Baada ya chakula cha mchana nimebaki peke yangu jikoni. Nimekaanga mbegu, nimetwanga. Nimeepua sufuria, nimetia maziwa. Yamekatika. Nimemwaga, nimeanza upya, polepole zaidi. Safari ya pili yameshika. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, nimekula na mkate.

Mzuri. Bado haujafikia wake. Nitarudia kesho.