Nchi Iliyonipa Cheti Haipo Tena

Jumanne, Madale. Mawingu tangu alfajiri. Mvua haitaki kunyesha wala kuondoka.

Niseme kwanza nililowaficha wanangu: siku za Jumanne siendi kliniki. Naenda kuomba leseni ya uwakala wa ardhi. Udalali wa viwanja, kwa jina lake la mtaani.

Najua linavyosikika. Mzee asiyefika getini bila kupumzika, ambaye daktari ameshamwambia kwa upole apange mambo yake, anataka kuwa dalali. Binti yangu Zuhura hunitilia uji kwenye chupa, hunipandisha bajaji, humwambia dereva aende taratibu. Nikirudi huuliza daktari kasemaje. Namwambia presha imeshuka.

Haijashuka. Ofisi ile haijapata kumshusha mtu presha.

Sababu yenyewe ni ndogo. Jirani yangu Mama Chande, mjane wa Newala, anataka kuuza nusu ya kiwanja chake, na hataki hata kuwaona wale madalali vijana wa njia panda waliomuuzia mwanawe hifadhi ya barabara. Ananitaka mimi, kwa kuwa nilikuwa mpima ardhi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema siku hizi bila leseni hawezi kunitambua kwenye mauziano. Nikamwambia nitaileta, ni jambo dogo.

Jambo dogo.

Leseni inataka cheti, na shahada yangu niliipata Chekoslovakia. Nilikwenda kijana, nikafundishwa kwa Kicheki, kisha nikafanya kazi Botswana kwa Kiingereza mpaka nikastaafu, Kicheki nisikiseme tena na mtu. Huko hakuna aliyenisumbua. Hapa nyumbani, aliyesoma nje lazima shahada yake itambuliwe kwanza, na anayetambua ni kompyuta. Kompyuta inataka jina la nchi. Nchi yangu haimo.

Binti wa dirishani ana adabu, shikamoo yake haikosi. Alinitafutia kote.

"Babu, kuna Cheki na kuna Slovakia. Chagua moja."

Nikamweleza kwamba nilisoma zikiwa moja.

"Mie nakuelewa, babu. Mfumo ndio haukuelewi."

Nikachagua Cheki. Jumanne iliyofuata mfumo ukakataa, kwa sababu cheti kilitolewa kabla nchi hiyo haijazaliwa. Ati nilihitimu mahali pasipokuwepo. Nilirudi na hasira mpaka uji ukanishinda. Pale njia panda dalali mmoja wa pikipiki akachungulia ndani ya bajaji: "Profesa, leseni vipi? Au inakuja kwa meli?" Wenzake wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama anayechekwa asingekuwa mimi.

Leo nilidhani yamekwisha. Yule binti alikuwa amezungumza na mkubwa wake, wakakubaliana jina la nchi liandikwe kwa mkono. Limebaki moja tu, akasema: tafsiri. Mkalimani wa Kicheki hawana. Akanisogezea cheti changu na orodha ya masomo niliyosoma, akashika kalamu, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Si wewe uliyesoma huko, babu? Tusomee tu, mie naandika. Bosi ameridhia."

Nikaitazama karatasi. Nikamwambia nimesahau miwani.

Akasema hamna shida, Jumanne ijayo. Akaniinua kitini kwa mikono miwili, akanisindikiza hadi kwenye bajaji.

Tangu nirudi nimekaa kibarazani najiuliza nitamwambia nini Jumanne hiyo, kama itanikuta. Mama Chande amepita jioni kuulizia. Nimemwambia wananizungusha tu wale, mfumo wao mbovu. Akaguna, akawasema vya kutosha kwa niaba yangu, akaniachia korosho ambazo meno yangu hayaziwezi. Akasema atanisubiri, hauzi kwa mwingine.

Atanisubiri. Mtu mzima, ana shida zake, anakaa kunisubiri mimi.

Zuhura hasomi blogu hii. Siku akiisoma, na ajue.

Leo hakuna aliyenizungusha. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati. Niliivaa bajaji ilipoondoka, nikakifungua kile cheti, nikakikodolea macho njia nzima mpaka Madale.

Nilichoweza kusoma ni jina langu.