Mkono Uliokuwa Ukirudi

Papa,

Nina hasira, na leo utazisikia zote, hata zile nilizo nazo juu yako.

Wiki hii, katika masomo ya uuguzi hapa Pinga, mwalimu alitufundisha mshipa wa fahamu ukikatwa unafanyaje. Nilidhani atasema umekufa, basi. Kumbe seli yake, iliyoko karibu na uti wa mgongo, hupata habari. Ndani yake kemikali moja huiamsha nyingine, nayo nyingine, mpaka amri inatolewa: ota tena. Penye jeraha hutoka chipukizi jembamba, na kila siku husogea kidogo kuelekea vidole. Pale ncha yake inapofika, mtu husikia kama sisimizi wanatembea.

Nikaukumbuka mkono wako, Papa.

Panga lilikuteleza ukikata miti ya muhogo, likakukata juu ya kiwiko, muuguzi akashona ngozi tu, hakueleza lolote. Baadaye ukaanza kutuambia, "Juzi sisimizi ilikuwa hapa ku kiwiko, leo iko nashuka." Na ulicheka! Papa mukubwa, kaka yako, hakucheka. "Kitu yenye kutembea mu mwili njo karuho," akasema. Karuho ni sumu ya polepole, na sumu lazima iwe na mwenyewe, basi akatajwa jirani yetu Mama Furaha, kwa kuwa alikuletea bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, ulipokuwa umelala na jeraha. Akafukuzwa kijijini. Kisha fundi wa dawa akaitwa, akakuchanja kwa wembe kufuata njia ile ile ya sisimizi ili sumu itoke. Mimi niliyashika mabega yako. Mkono ukaoza, homa ikapanda, tukakuzika Kalembe siku ya soko.

Ulikuwa unapona! Mkono ulikuwa unarudi, na sisi tukaufuata na wembe!

Namkasirikia fundi, namkasirikia kaka yako na ujuaji wake. Na wewe, uliyekula sombe ile ukalamba vidole, kwa nini ulinyamaza walipomfukuza yule mama? Nami nilinyamaza. Nilimwona akipita na godoro kichwani, nikageuza uso.

Yuko Burungu sasa, kwa dada yake. Jumamosi napanda pikipiki niende nimweleze yote. Nitamwomba turudi pamoja Kalembe, niseme mbele ya kanisa zima, Papa mukubwa akiwa kwenye benchi lake la mbele, ni akina nani hasa waliokuua.

Lala salama, Papa. Jina la kwanza nitakalotaja ni langu.