Dume Uliyeniazima

Hasaka, 3 Aprili 1987

Kaka Dahham,

Salaam aleikum. Tangu baridi iishe nimezika watoto watatu wa farasi, wa mwisho leo asubuhi. Walizaliwa wazuri, baadaye vichwa vikaanza kutikisika, miguu ikashindwa kusimama. Wewe hujambo? Shemeji Turfa na watoto?

Baba yao ni Mashhur, dume uliyeniazima kwa miaka, nikakurudishia mwaka jana, na mama zao wote ni binti zake mwenyewe. Majike wangu wa zamani aliwapanda pia, na watoto wao hawana kasoro. Fanya hesabu hiyo. Uliapa mbele ya wazee kwamba ni safi.

Dada yako,
Wadha

Deir ez-Zor, 14 Aprili 1987

Dada Wadha,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, ila mvua imetusahau. Pole kwa msiba wa farasi. Lakini umpandishe baba kwa binti zake, halafu unilaumu mimi? Damu ya farasi wa Baba yetu imechoka kwa kuzungushwa humohumo. Na hesabu ya mjane kama wewe haijawahi kuzaa farasi!

Niliapa nasaba, na nasaba ni ya kweli. Kutikisika ni jua tu. Hata mtoto wa kwanza wa jike wangu Hamda alitikisika hivyohivyo, tukamfukia kimya. Mwaka wa pili Hamda huyohuyo akamzaa Mashhur, na umemwona alivyo mzuri. Binamu zetu wanakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi kumchukua awapande majike wao wote. Baada ya ukame, ukiacha wako na wangu, ndio waliobaki wa ukoo wa farasi wetu. Funga mdomo.

Kaka yako,
Dahham

Hasaka, 19 Aprili 1987

Dahham, Abu Turki,

Salamu kwa Turfa. Hali yako siulizi.

Umejichongea kwa mkono wako. Baba alipandisha ndugu kwa ndugu tangu hatujazaliwa, na farasi hawakuisha. Kwa nini? Kundi dogo halina pa kuficha ubaya. Ubaya ukitoka kwa mama na kwa baba, unakutana kwa mtoto na kujionyesha. Akizaliwa mbovu, Baba alichemsha kahawa, akaita majirani wamtazame. Walimcheka Baba mpaka machozi. Kisha mama na baba wa mtoto yule hawakuzaa tena, hata wawe wazuri kama mwezi. Miaka ya mwanzo alizika wengi, na angeweza kufilisika. Tulichorithi ni waliosalia, na damu yao ilikuwa imechujwa.

Wewe uliogopa kahawa. Ulifukia mtoto, ukamwacha Hamda azae. Kiapo chetu huuliza nasaba, hakiulizi waliofukiwa. Ulilijua tundu hilo, ukapenya.

Kila aliyezaliwa na Mashhur kwangu nimemtoa kwenye uzazi. Nimebaki na majike wanne wazee na dume wa Baba, naye mzee. Nitaanza nao. Lakini Mashhur akiwapanda majike wa binamu, siku hawa wangu wakihitaji mwenza, nitamtafuta wapi aliye safi?

Mtoto wa nne alianza kutikisika jana. Ijumaa nitamleta kwako kwenye gari. Nitachemsha kahawa mlangoni pako, binamu wote wakiwa wamekaa, na barua yako nitaisoma kwa sauti, hasa pale pa kufukia kimya. Usidhani nitaona haya kwa sababu tumenyonya ziwa moja.

Au umhasi kabla hawajafika, uwaambie mwenyewe kwa nini.

Utamhasi Mashhur, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, Alhamisi kabla ya alasiri.

Dada yako,
Wadha