Kendi Nyuma, Mimi Kwenye Wavu

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya tenisi Embu, tangu saa moja asubuhi. Voli, voli, voli. Goti limevimba tena. Miaka tisa sasa nacheza wawili kwa wawili tu. Uwanja mzima peke yangu siuwezi. Kendi nyuma, mimi kwenye wavu. Ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Leo Kendi alitoka kwao Meru akachelewa, kisha akatapika nyuma ya choo. Alisema ni githeri ya jana.

Alhamisi, 6 Machi
Si githeri. Ana mimba ya miezi mitatu. Aliniambia tukipika hapa kwangu mtaani Majimbo, anakolala siku za mazoezi.
"Wawira, usimwambie Kocha. Daktari amesema naweza kucheza. Twende mashindano ya Tunisia kwanza, nikirudi nitasema mwenyewe."
Nikaahidi. Nikamkumbatia hata.
Nina hasira. Hakuniuliza. Najua halikuwa jambo la kuniuliza.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani. Sikusikia neno la mahubiri. Nilikuwa nikiwaza nani atasimama nyuma yangu. Yule msichana wa Karurumo tunayefanya naye mazoezi ana mkono mzuri. Kocha akijua mapema, anaweza kunipanga naye.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Kocha. Nilisema naogopea mtoto.
Uongo. Niliogopa kubaki nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi
Orodha ya Tunisia imetoka. Kendi hayuko.
Mimi pia siko.
Msichana wa Karurumo anaenda na mwenzake wa shule. Nilimpigia Kocha simu.
"Wawira, nyinyi mlikuwa kitu kimoja. Wewe peke yako nikupeleke ukafanye nini?"
Nikakata simu.

Jumamosi, 15 Machi
Kendi amepiga simu mara nne. Sikushika.

Jumatatu, 17 Machi
Alikuja kuchukua nguo zake. Hakupiga kelele. Alikunja kila kitu polepole, kisha akakaa kitandani akaniangalia.
"Nani alimwambia?"
"Sijui. Labda mtu wa kliniki."
Akatikisa kichwa kidogo. Akasema Tunisia ndiyo ingekuwa safari yetu ya mwisho, alitaka tumalize pamoja. Akabeba mfuko akaenda.
Najichukia. Kocha namchukia zaidi. Hapana. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 5 Mei
Nafundisha watoto wa shule ya kulipia. Wanashika raketi kama mwiko. Mwalimu wao aliniuliza kama niliwahi kucheza.

Jumatano, 24 Septemba
Nimeenda Meru kuona mtoto. Msichana. Mamake Kendi alinikaribisha vizuri, akaniita mwanangu, akanipa chai na nduma. Alipotoka kukamua ng'ombe tukabaki wawili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikakosa pa kuanzia.
Kendi akaanza. Hakuondoa macho kwa mtoto.
"Kocha aliniambia ni wewe. Siku ile ile orodha ilipotoka."
Nikahesabu. Ijumaa. Alikuja kwangu Jumatatu.
"Sasa mbona uliniuliza?"
"Nilitaka uniambie wewe."
Mtoto akalia. Kendi akamweka kwenye titi, akageuka upande wa dirisha. Nilisema pole. Sijui kama alisikia. Sikusema kwa nguvu.
Chai ilikuwa imepoa. Niliimaliza, nikaosha kikombe, nikamwambia mamake kwaheri kule zizini.
Kulikuwa na manyunyu njia yote hadi Embu.